Kivuli cha bendera mwezini na kijiti cha babu Ifakara

Leo sileti siasa wala bei ya mchele. Naleta ubishi mmoja wa zamani ambao kila kijiwe cha Bongo unaujua: eti Wamarekani walifika mwezini au tulichezewa sinema?

Nauleta kwa sababu kuna deni nataka kulilipa. Ubishi huo nilikuwa upande wa wanaosema ni sinema, tena nilikuwa kinara. Na mtu niliyemwaibisha kwa ubishi huo ni babu yangu.

Ilikuwa Ifakara, kwenye benchi la kahawa, mwaka ambao nilikuwa bado chuoni. Kijana mmoja alitoa simu akaonyesha video inayosema picha za Apollo ni za kughushi, ushahidi wake ukiwa vivuli. Jiwe hili kivuli chake kinaelekea huku, mwanaanga yule kivuli chake kinaelekea kule, kwa hiyo kulikuwa na taa mbili studio. Mimi msomi wa Mlimani nikadakia. Babu alikuwepo, amekaa kimya na kikombe chake. Nikamgeukia mbele ya watu, wengine aliwafundisha yeye mwenyewe, nikasema: "Babu, ninyi mlidanganywa, halafu mkaenda kuwadanganya watoto darasani."

Watu wakacheka. Babu hakujibu. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha jiografia shule za msingi za bonde la Kilombero kwa zaidi ya miaka thelathini. Habari ya Armstrong aliisikia redioni akiwa kijana. Kwa saa zetu, mguu wa kwanza ulikanyaga mwezi alfajiri ya Julai 21, 1969, saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Mwezi wenyewe ulikuwa umeshatua angani kwetu, kwa hiyo hata aliyetoka nje kuutazama hakuuona. Aliamini kwa masikio, na miaka yote aliyofundisha aliieleza habari hiyo kama tukio la kweli.

Zilipita siku chache, ikafika Oktoba 14. Ni Siku ya Nyerere, hakuna kazi. Saa sita mchana babu akaniita uani. Alikuwa amechomeka kijiti chini, wima kabisa, amekipima kwa uzi na jiwe.

"Mjukuu wangu, kijiti kipo?"

"Kipo, babu."

"Kivuli chake?"

Nikainama. Ilikuwa saa sita na dakika kama ishirini hivi. Kivuli hakuna!

"Sasa mtu akipita na ndege hapo juu saa hizi, akapiga picha, atakiona kijiti?"

Nikafikiri. Kijiti chembamba ukikitazama kutoka juu ni nukta tu. Nikasema hapana, hatakiona.

"Rudi alasiri."

Alasiri nilirudi, kivuli kimelala chini, kirefu kuliko kijiti chenyewe. Babu hakutaja mwezi hata mara moja. Alizoa kijiti chake akaingia ndani. Mimi nikabaki pale uani, na hapo ndipo nilipoanza kusoma habari hizi kwa mara ya kwanza bila kutafuta ushindi.

Tuanze na kile kijiti. Ifakara ipo karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Siku hizo, adhuhuri, kitu kilichosimama wima hakina kivuli. Hili si geni. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Mgiriki Eratosthenes, aliyeishi Alexandria huko Misri, alijua kwamba mjini Syene, Aswan ya leo, jua hupita utosini siku moja ya mwaka, ilhali Alexandria siku hiyo hiyo kivuli kinaonekana. Kwa tofauti hiyo tu akakadiria mzingo wa dunia.

Na sisi wenyewe tumekuwa tukisoma vivuli karne na karne. Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafii, wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kile kivuli kidogo kilichokuwepo adhuhuri. Kabla ya saa za ukutani, mtu alisimamisha fimbo akapima. Kwa lugha ya hesabu, siku ambayo adhuhuri haina kivuli, Alasiri ni pale jua linapokuwa nyuzi 45 juu ya upeo. Likishuka chini ya hapo, kivuli kinakuwa kirefu kuliko kitu.

Kanuni ni hiyo hiyo mwezini. Tofauti ni kwamba kule hakuna hewa, kwa hiyo kingo za kivuli ni kali na weusi wake ni mzito. Halafu siku ya kule ni ndefu, kutoka mapambazuko hadi machweo ni takriban wiki mbili za kwetu. Jua linalosogea nyuzi 15 kwa saa moja Ifakara, mwezini linasogea kama nusu nyuzi tu.

Sasa twende kwenye historia yenyewe, maana kusoma vivuli kwenye picha zilizopigwa kutoka juu ya mwezi kulianza kabla ya binadamu kufika.

Novemba 1966 chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Orbiter 2 kilipiga picha katika eneo la Bahari ya Utulivu. Kwenye picha moja kulionekana vivuli virefu vyenye ncha kama vya minara. Magazeti yakachangamka. Bwana mmoja wa kampuni ya Boeing, William Blair, akachora mistari kuunganisha ile "minara" na kusema mpangilio wake unafanana na kazi ya viumbe wenye akili. Lakini picha ile ilipigwa jua likiwa nyuzi kama 11 tu juu ya upeo. Kwa pembe hiyo kivuli ni mara tano ya urefu wa kitu, hata kwenye ardhi tambarare. Ardhi ikiteremka, kinarefuka zaidi. Minara ile ilikuwa mawe. Mwandishi mwenzangu, ukijiona unakimbilia kuandika kichwa cha habari kabla hujauliza jua lilikuwa wapi, mkumbuke Blair.

Miezi mitatu baadaye, Februari 1967, kivuli kikafanya kazi nzuri. Lunar Orbiter 3 ilipiga picha mahali ilipotua Surveyor 1, chombo kisicho na mtu kilichofika Juni 2, 1966. Surveyor ilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, kitu kidogo mno kukitambua kwa umbo lake kutoka angani. Kilichoitambulisha ni doa jeupe lenye kivuli kirefu, mahali pale pale ilipotarajiwa. Kivuli kilekile kirefu, mwaka mmoja kinadanganya, mwaka mwingine kinasema kweli! Walioisoma picha ya Surveyor walijua jua lilikuwa wapi na chombo kilikuwa na urefu gani, kwa hiyo walijua kabla ya kuangalia kivuli kiwe na ukubwa gani.

Macho nayo yanahitaji kuchungwa. Fungua kwenye kompyuta picha ya setilaiti ya bonde la Kilombero, hizi zinazopigwa asubuhi mnamo saa nne. Picha ya Juni, jua linatokea kaskazini mashariki, Udzungwa unaiona inavyopanda ghafla upande wa kaskazini magharibi, poa kabisa. Sasa tafuta picha ya Desemba. Jua limehamia kusini mashariki, yaani kwenye picha mwanga unatoka upande wa chini. Macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, kwa hiyo yanageuza: milima inaonekana mabonde, na vijito vinaonekana kama vinapita mgongoni mwa milima. Milima haijasogea hata inchi moja. Picha za kreta za mwezi huwachezea watu mchezo huo huo kila siku, shimo linaonekana kichuguu.

Ndiyo maana waliopanga safari za Apollo walichagua kutua asubuhi ya mwezini, jua likiwa kati ya nyuzi 5 na 14, mgongoni mwa marubani. Jua likiwa juu sana, ardhi inaonekana bapa, huoni shimo wala jiwe. Apollo 11 ilipokuwa inakaribia kugusa ardhi, Aldrin alitoa taarifa kwamba anakiona kivuli cha chombo chao mbele. Vile vivuli virefu kwenye picha zao, ambavyo watu wa video wanavishangaa, vilikuwa sehemu ya mpango.

Na lile swali la vivuli kutokuwa sambamba? Nenda stesheni ya TAZARA pale Ifakara, simama karibu na njia, tazama mbali. Reli mbili zilizojengwa miaka ya 1970 hadi 1975, sambamba kwa kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, machoni pako zinaonekana zinakutana. Hakuna anayesema Wachina walikosea. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama ardhini inafanya hivyo hivyo kwa vivuli, hasa ardhi ikiwa na mabonde na vichuguu. Nilipita stesheni ile mara ngapi maishani? Sikuwahi kulifikiria.

Juni 18, 2009 Marekani ilirusha chombo cha kuzunguka mwezi kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kwa kifupi LRO. Tarehe 17 Julai mwaka huo zikatolewa picha za kwanza za maeneo ya Apollo 11, 14, 15, 16 na 17, na Apollo 12 ikafuata baadaye. Kila nukta ya picha hizo ilikuwa kama mita moja hivi ardhini. Kiunzi cha chini cha chombo cha Apollo, kile kilichobaki kule na miguu yake minne, kina upana wa mita kama 9 kutoka mguu hadi mguu na urefu wa mita 3 na ushee. Yaani kwenye picha ni nukta tisa tu, utaziitaje chombo? Lakini jua likiwa nyuzi 10, kivuli cha kitu cha mita 3.2 kinafika mita 18. Hicho ndicho watu walichokiona kwanza: mistari myeusi yenye ncha, mahali ambapo ramani zilisema pawepo chombo. Kwenye picha ya Apollo 14 ikaonekana hata njia ya miguu ya Shepard na Mitchell, waliopita pale Februari 1971. Mwaka 2011 LRO ilishushwa chini zaidi, na picha mpya za Apollo 12, 14 na 17 zikaonyesha njia hizo wazi zaidi.

Kilichobaki kikawa bendera. Zilisimikwa sita, vitambaa vya nailoni kwenye mlingoti mwembamba. Ukizitazama kutoka juu ni kile kijiti cha babu saa sita mchana. Kwa hiyo wasomaji wa picha hawakuitafuta bendera, walitafuta kivuli. Na hawakutosheka na kivuli kimoja, kwa kuwa doa moja jeusi linaweza kuwa jiwe, linaweza kuwa shimo. Walichukua picha za sehemu ileile zilizopigwa asubuhi, mchana na jioni ya mwezini, wakazipanga mfululizo. Mwaka 2012 Mark Robinson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, msimamizi wa kamera za LRO, akatangaza kwamba kwenye maeneo ya Apollo 12, 16 na 17 kivuli kinaonekana kikizunguka sehemu moja kulingana na jua. Bendera bado zimesimama, japo rangi huenda zimeshapauka kwa jua la zaidi ya miaka arobaini.

Na Apollo 11? Kivuli hakuna. Hapa ndipo nilipoweka simu chini. Aldrin alisema tangu mwaka ule wa 1969 kwamba walipokuwa wanaruka kuondoka, aliiona bendera yao ikiangushwa na moshi wa injini. Shahidi alisema imeanguka, na miaka 43 baadaye picha haionyeshi kivuli chake. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayeghushi hizo picha, bendera ya kwanza ningeisimamisha kuliko zote!

Najua kuna mdau anauliza: sawa, lakini picha ni za NASA, na aliyekwenda ni NASA. Mtu anajitolea ushahidi mwenyewe? Swali zuri na ndilo swali la kiandishi. Kwanza, Wajapani walikuwa na chombo chao, Kaguya, na mwaka 2008 walitangaza kuona mabadiliko ya rangi ya udongo pale injini ya Apollo 15 ilipopuliza. Wahindi nao, Chandrayaan-2 ilipiga picha za maeneo ya Apollo 11 na 12 mwaka 2021, na kiunzi kinaonekana na kivuli chake. Pili, kuna vioo vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 ambavyo wanasayansi wa nchi mbalimbali, Wafaransa wakiwemo, wamekuwa wakivipiga miale ya leza na kupokea inayorudi. Tatu, Warusi, waliokuwa kwenye mbio zile zile na walikuwa na kila sababu ya kuwaumbua wenzao, hawakuwahi kupinga.

Nne, picha ziko wazi kwa kila mtu, na hapa nina mfano ninaoupenda. Septemba 2019 India ilipoteza chombo chake Vikram kikijaribu kutua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. LRO ilipita juu ya eneo hilo Septemba 17, lakini ilikuwa karibu na machweo ya kule, vivuli virefu vimefunika ardhi, wataalamu hawakuona kitu. Picha zikawekwa hadharani. Mhandisi mmoja wa Chennai, Shanmuga Subramanian, ambaye hakuwa mtumishi wa shirika lolote la anga, alikaa na kompyuta yake akilinganisha picha za kabla na za baada, nukta kwa nukta, akaona kipande ambacho hakikuwepo mwanzo. Akawaandikia NASA. Wao wakatazama tena kwa picha za Oktoba na Novemba zenye mwanga mzuri zaidi, na Desemba 2, 2019 wakathibitisha na kumtaja kwa jina.

Nilipoisoma habari hiyo niliona aibu upya. Yule bwana alikuwa na swali ambalo NASA hawakuwa wamelijibu, kama mimi nilivyokuwa na langu kijiweni. Yeye alikaa na swali lake akalifanyia kazi. Mimi nilitazama video ya dakika tatu nikamfokea mzee.

Sisemi tuamini kila tunacholetewa na wakubwa. Nchi yetu na bara letu tumedanganywa mara nyingi mno na watu wenye suti, mashaka tumeyarithi kwa haki. Nasema tu kwamba aliyesema "ni uongo" ana mzigo ule ule wa kupima alionao aliyesema "ni kweli". Ukiniambia kivuli kimepinda, nitakuuliza jua lilikuwa wapi, ardhi ilikuwaje, na umekitazama mara ngapi.

Mwaka jana nilikwenda Ifakara nikamkuta babu kibarazani. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwonyesha kwenye simu zile picha za Apollo 12 zilizopangwa mfululizo, kivuli kikizunguka. Alivaa miwani, akazitazama zote, kisha akaomba nizirudie tangu ya kwanza. Nikamwambia, "Babu, nilikukosea siku ile pale kwenye kahawa. Nisamehe."

Akaniuliza kama nimeshawaambia na wale waliokuwepo. Nikasema bado.

"Basi hujamaliza."

Jioni ile nikaenda kwenye benchi nikawaambia. Wawili walikuwa wale wale. Walinicheka, safari hii mimi. Ubishi ukaanza upya, na mpaka naondoka mmoja alikuwa bado anasema ni sinema. Sawa, nikamwachia picha azitazame.

Mliosoma hadi hapa, nawapa kazi. Oktoba 14 ijayo, ukiwa Ifakara, chomeka kijiti saa sita mchana, uwe makini mnamo saa sita na dakika ishirini. Walio Dar na Morogoro, tarehe yenu ni siku tatu au nne kabla ya hapo. Walio Arusha ni mwanzoni kabisa mwa Oktoba. Tazameni asubuhi, mchana na alasiri, muandike mlichokiona, kisha mniletee. Babu ameshasema atasahihisha.